Mguu Unakimbia, Nani Anasoma Mkataba?

Mshindi wa Boston Marathon huondoka na zawadi ya dola 150,000 za Marekani. Magazeti ya kesho yake huzigeuza kuwa shilingi, ikapatikana tarakimu ndefu ya kuvutia macho, na simu za watu wa kijijini kwao huanza kuita kabla mshindi hajafika hata uwanja wa ndege. Hesabu tusiyoichapisha ni ile inayofuata hapo. Marekani humkata mwanamichezo mgeni kodi ya zuio ya asilimia 30: dola 45,000 zimekwenda. Meneja, kwa desturi ya biashara hii, huchukua asilimia 15, tena akiipigia zawadi nzima kabla ya kodi: dola 22,500. Zimebaki 82,500, na hapo kocha hajapewa chake, wala vijana waliokuwa wakimvuta mazoezini kila alfajiri, wala mchua misuli. Hicho kilichobaki nacho hakitoki siku ile ile. Waandaaji husubiri kwanza majibu ya vipimo vya dawa zilizokatazwa, na miezi hupita. Bingwa wa miaka 23 ambaye usiku wa ushindi aliwaahidi ndugu nyumba, ng'ombe na ada za shule, ameshaanza kukopa.

Sehemu ya ile kodi inaweza kurudi. Anayejaza fomu za mapato za Marekani na kuonyesha gharama halali za kazi yake anaweza kurudishiwa kiasi. Lakini lazima kwanza ajue kwamba fomu ipo, awe ametunza risiti, na awe na ubavu wa kumuuliza meneja wake swali gumu bila kuogopa kwamba safari ijayo ataachwa nyumbani.

Nimeanza na hesabu kwa makusudi. Mazungumzo yetu kuhusu elimu ya wanamichezo vijana huanzia mwishoni, kwenye kustaafu. Soma mwanangu, mguu utavunjika. Soma, mpira una mwisho. Maneno hayo ni kweli tupu, na hayajawahi kumfanya kijana wa miaka 18 afungue daftari. Yeye hajavunjika. Mwisho wa mpira anauona kuwa ni habari ya wazee waliokwisha kutundika daluga. Basi shule inabaki kuwa akiba ya uzeeni, na ni nani anayeweka akiba ya uzeeni akiwa na miaka 18? Hoja yangu iko karibu zaidi na leo: mchezaji wa kulipwa anaihitaji shule wiki hii, akiwa bado anacheza, kama anavyohitaji viatu. Kazi yake ina makaratasi mengi kuliko jukwaa linavyodhani.

Chukua kanuni ya kueleza mahali ulipo. Mwanariadha aliye kwenye orodha ya wanaopimwa mara kwa mara na mamlaka za kupambana na dawa za kuongeza nguvu hulazimika kuandika mtandaoni, kila robo ya mwaka, atalala wapi, atafanya mazoezi wapi, na saa moja ya kila siku ambayo mpimaji akija bila hodi atamkuta. Umehama kambi kutoka Iten kwenda Kaptagat, badilisha. Umekwenda msibani kwa mjomba, badilisha. Ukikosekana au ukikosea kujaza mara tatu ndani ya miezi 12 unafungiwa, hata kama hujawahi kumeza kitu chochote zaidi ya panadol. Elijah Manangoi wa Kenya, bingwa wa dunia wa mita 1,500 mwaka 2017, alifungiwa miaka miwili kwa kosa la aina hiyo. Mwenzake Wilson Kipsang, aliyewahi kushika rekodi ya dunia ya marathoni, alifungiwa minne mwaka 2020; yeye alipatikana pia na kosa la kutoa maelezo ya uongo. Sidai kwamba watu hawa walikosa shule. Ninachosema ni kwamba medali ya dhahabu haimwondolei mtu kazi ya karani, na hakuna kocha anayefundisha ukarani.

Kwenye soka makaratasi hubadilika jina tu. Desemba 2022 Feisal Salum, Fei Toto wa mashabiki, kiungo kutoka Zanzibar aliyekuwa na miaka 24, aliiaga klabu yake ya Yanga katikati ya msimu. Aliingiza kwenye akaunti ya klabu Sh112 milioni, yaani fedha ya kuvunjia mkataba pamoja na mshahara wa miezi mitatu, akiamini mkataba wake unamruhusu kununua uhuru wake kwa njia hiyo. Januari 2023 Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya shirikisho la soka la Tanzania, TFF, ikaamua kwamba yeye bado ni mali ya Yanga. Nchi ikageuka baraza la wanasheria. Kila kijiwe cha kahawa kilikuwa na jaji wake, na wengi wa majaji hao hawakuwa wameuona huo mkataba hata kwa mbali. Nusu ya msimu ikapita Fei Toto akiwa hachezi ligi, Yanga ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika bila yeye, na jambo lenyewe likapanda mpaka Ikulu, ambako Rais Samia Suluhu Hassan aliwataka wahusika walimalize. Juni 2023 akauzwa Azam.

Sina haja ya kufukua nani alikuwa na haki. Kinachonisumbua ni kwamba kanuni za FIFA juu ya jambo hilo zilikuwa zimeandikwa miaka mingi kabla yake. Zilisema mkataba hauvunjwi na upande mmoja katikati ya msimu. Zilisema pia kwamba anayesaini kabla ya kutimiza miaka 28 ana kipindi cha ulinzi cha misimu mitatu kamili au miaka mitatu, ambapo akivunja mkataba bila sababu ya haki anaweza kufungiwa, mbali ya kulipa fidia. Haya yanafundishika kwa kijana wa kidato cha pili, kwa Kiswahili, kwa vipindi vichache vya alasiri. Tumewaachia mawakala wayafundishe, wakati wakala hulipwa kijana anaposaini, na mara nyingi hulipwa tena kijana anapohama.

Chuo kilipokuwa mshahara

Kuna kizazi kilichosoma huku kikikimbia, na kilifanya hivyo kwa sababu ambayo siku hizi tumeisahau: hakikuwa na njia nyingine ya kulipwa. Mpaka miaka ya mwanzo ya 1980 riadha ilikuwa ya ridhaa. Mkimbiaji aliyeonekana akipokea fedha mkononi alifungiwa. Malipo makubwa ambayo kijana wa Singida au Nandi angeweza kuyapata kwa miguu yake bila kuvunja sheria yalikuwa ufadhili wa masomo Marekani.

Suleiman Nyambui alikwenda Chuo Kikuu cha Texas, El Paso. Akiwa na medali ya fedha ya mita 5,000 aliyoipata Moscow mwaka 1980, alirudi Ulaya baadaye na kushinda Berlin Marathon mara mbili mfululizo, 1987 na 1988, kisha akaingia kwenye ukocha na uongozi wa riadha. Mkimbiaji mwenzake Gidamis Shahanga naye alipitia chuo hicho hicho. Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 Munich mwaka 1972, aliendelea kusoma mpaka akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Oregon, akarudi kuwa kamishna wa michezo wa Kenya na profesa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ibrahim Hussein alisoma uchumi New Mexico kabla ya kuwa Mwafrika wa kwanza kushinda Boston, mwaka 1988. Mwaka huo huo Peter Rono, zao la Shule ya St. Patrick's Iten ambako mwalimu wa jiografia kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell, alikuwa akilea wakimbiaji tangu 1976, alishinda dhahabu ya mita 1,500 Seoul akiwa na miaka 21 na akiwa bado mwanafunzi wa chuo kidogo cha Mount St. Mary's, Maryland.

Na yupo Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, alitoka mbele tangu mlio wa bastola na hakuna aliyempata tena; John Walker alimfuata kwa nyuma mpaka utepe. Saa ilisoma 3:32.2, rekodi ya dunia ya mita 1,500. Baadaye Bayi na mkewe walijenga shule zenye jina lake, Kimara na Mkuza, Kibaha. Nadhani wapo watoto wa Pwani waliolijua jina la Filbert Bayi kwanza kwenye sare ya shule, ndipo wakaambiwa kwamba aliwahi kukimbia. Kwa maoni yangu hakuna mnara unaofaa zaidi, ingawa uwanja wenye jina lake nao ungependeza.

Fedha ziliporuhusiwa, mambo yakageuka haraka. Mbio za barabarani zikajaa dola, kampuni za viatu zikafungua pochi, na meneja akaanza kufika kijijini kabla ya barua ya chuo. Kijana aliyemaliza kidato cha nne akawa na njia mbili: miaka minne ya vitabu kwenye baridi ya watu, au mbio moja ya kilomita 10 Ulaya mwezi ujao. Wengi walichagua ya pili, na mimi siwalaumu. Ukoo unaosubiri chakula haulishwi kwa shahada ya mwaka wa nne. Miaka ya karibuni ule mkondo wa kwenda vyuo vya Marekani umeanza kujaa tena, na Wakenya wanatamba kwenye mashindano ya vyuo vya huko kama enzi za El Paso.

Lakini kabla hatujalewa sifa za chuo, tumtazame Henry Rono.

Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3,000. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Mlango wa Olimpiki ulifungwa usoni pake mara mbili, kwa sababu Kenya ilisusia Montreal mwaka 1976 na ikasusia tena Moscow mwaka 1980. Fedha za rekodi hazikuwepo. Ilikuwa riadha ya ridhaa. Pombe ikaingia. Mtu aliyekuwa mkimbiaji bora kuliko wote duniani akaishia kulala kwenye makazi ya wasio na kwao, akaosha magari na kubeba mizigo ya wasafiri uwanja wa ndege huko huko Marekani. Baadaye aliiacha pombe, akafundisha riadha, akaandika kitabu cha maisha yake, na akarudi Kenya mwaka 2019 baada ya miongo mitatu ya ugenini. Alifariki Februari 2024.

Rono alikuwa na chuo. Chuo nacho kilikuwa na Rono, na kilichohitaji kwake kilikuwa pointi: mbio za nyika msimu wa vuli, za ndani ya ukumbi wakati wa baridi, za uwanjani msimu wa kuchipua, kisha Ulaya kiangazi. Mwanafunzi wa namna hiyo husoma katika nafasi zinazobaki. Kwa hiyo mzazi akiambiwa kwamba mwanawe amepata ufadhili Marekani, ashangilie, kisha aulize atasomea nini, nani atamsaidia kimasomo, na itakuwaje akiumia mwaka wa pili.

Samuel Wanjiru ni kisa cha upande mwingine. Alitoka Nyahururu akiwa kijana wa miaka 15, mwaka 2002, akaenda Japani kusoma sekondari ya Sendai Ikuei, shule inayosaka wakimbiaji kwa ajili ya mbio za kupokezana za barabarani ambazo Wajapani wanazipenda kama sisi tunavyopenda mechi ya watani. Alijifunza Kijapani, alipangiwa saa ya kula na saa ya kulala. Alipomaliza mwaka 2005 aliajiriwa kwenye timu ya Toyota Kyushu chini ya Koichi Morishita, mshindi wa medali ya fedha ya marathoni ya Barcelona 1992. Beijing 2008, kwenye joto ambalo wataalamu walisema halimruhusu mtu kukimbia kwa kasi, Wanjiru akiwa na miaka 21 alikimbia kama mwizi na kushinda kwa 2:06:32, rekodi mpya ya Olimpiki. Akashinda London 2009, Chicago 2009, Chicago 2010. Wakati huo alikuwa ameshaondoka kwenye ratiba ya Wajapani, ana fedha nyingi, yuko nyumbani, amezungukwa na marafiki ambao idadi yao ilikua sawia na akaunti yake. Magazeti yakaanza kuandika habari za pombe, ugomvi wa ndani na mahakama. Mei 2011 alianguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu na kufa. Alikuwa na miaka 24.

Sitaki kumfanya marehemu kielelezo cha kila kitu. Kifo kile kina maswali yake, na familia yake ina machungu yake. Ila kuna jambo moja linaloonekana waziwazi katika safari ile, na linaonekana hata kwa vijana ambao hawatafika Beijing. Kambi humfanyia mchezaji kila kitu. Chakula kinapikwa, tiketi inakatwa na meneja, viza inashughulikiwa na mtu wa ofisini, kocha anaamua alale saa ngapi. Akifika miaka 22 ameshapanda ndege mara nyingi kuliko mbunge wa kwao, na hajawahi kulipa bili ya umeme kwa mkono wake. Siku anayoachiwa huru na mamilioni mkononi, huo ndio mtihani wake wa kwanza wa maisha, na anaufanya mbele ya kamera.

Gwanda kama pensheni

Sisi Afrika Mashariki tunalo jibu letu la zamani kwa swali la kazi ya mwanamichezo, ambalo wataalamu wa nje huliona mara chache: vyombo vya ulinzi na usalama. Bayi alikuwa mwanajeshi. Juma Ikangaa, aliyeshika nafasi ya pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990, na kushinda New York mwaka 1989, alikuwa ofisa wa jeshi la Tanzania, JWTZ. Paul Tergat aligundua kwamba ana mbio akiwa jeshini. Faith Kipyegon ni polisi, Joshua Cheptegei wa Uganda ni polisi. Na Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu alipompiku Mjerumani Amanal Petros kwa tofauti ya sekunde 0.03 na kuipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza kabisa ya mashindano ya dunia ya riadha, aliyevuka utepe alikuwa sajenti wa jeshi. Zawadi ya bingwa ilikuwa dola 70,000. Simbu alikuwa na mshahara wa mwezi kabla hajazipata, na alikuwa nao miaka yote aliyokuwa akishindwa.

Hilo la mwisho ndilo la maana. Mshahara mdogo wa kila mwezi humfanya mkimbiaji aweze kukataa mbio mbaya. Asiye na kitu atakimbia kila wikiendi mpaka goti likatae, atasaini karatasi yoyote, na akija mtu na sindano atasikiliza. Siku za nyuma niliuona mfumo huu kama upendeleo uliopitwa na wakati. Siku hizi naona kwamba umeokoa wanamichezo wengi kuliko semina zote za hotelini.

Una mipaka yake, hata hivyo. Nafasi ni chache. Iten peke yake wanaotoka alfajiri kukimbia ni mamia kwa mamia, na wengi hawataona gwanda wala dola. Watafanya kazi ya usungura, kuwavuta wenzao kwa malipo ya siku, mpaka umri uwatupe. Tena kwa kawaida majeshi huuliza cheti cha kidato cha nne, kwa hiyo aliyeacha shule kidato cha pili ili akimbie amejifungia hata mlango huo. Na hata aliyeingia, chombo kikimwacha akimbie tu kwa miaka kumi bila kozi yoyote, siku mbio zikiisha anarudi lindoni sambamba na vijana waliomaliza mafunzo jana.

Kwa wasichana kuna sura nyingine ya jambo hili, na ni nzito. Oktoba 2021 Agnes Tirop aliuawa kwa kisu nyumbani kwake Iten, wiki chache baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 ya mbio za wanawake peke yao, na mumewe akashtakiwa. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa amekimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris mwezi uliotangulia, alichomwa moto kwa petroli na aliyekuwa mpenzi wake huko Trans-Nzoia, na familia yake ikaeleza kuwa kulikuwa na mvutano kuhusu kiwanja alichokuwa amenunua na kujenga. Hakuna somo la darasani linalozuia kisu, na ningeona aibu kuandika vinginevyo. Hilo ni la polisi na mahakama. Lakini wanariadha wenzake Tirop walioanzisha taasisi ya Tirop's Angels wameeleza kwa miaka sasa mtego ulivyo: binti anaolewa mapema na mwanamume anayejiita kocha, mwanamume anakuwa meneja, anakuwa mweka saini wa benki, na hati ya shamba inaandikwa jina lake. Kujua hati inasomaje, akaunti ya pamoja maana yake nini, na mali iliyopatikana ndani ya ndoa ni ya nani, ni sehemu kubwa zaidi ya maandalizi ya kazi kwa mkimbiaji wa kike kuliko kujua mapafu yanavyofanya kazi.

Darasa lipo, ratiba haipo

Wenye nia wamekwisha kuonyesha namna. Mathare, Nairobi, chama cha michezo cha vijana cha MYSA kilichoanza mwaka 1987 kiliamua mapema kwamba timu itapata pointi za ligi kwa kuzoa taka mtaani, na kwamba mchezaji anayejitolea, kwa kufundisha wadogo au kuchezesha mechi, atakusanya alama zinazomlipia ada, fedha zikipelekwa moja kwa moja shuleni. Dennis Oliech alipitia timu yake ya Mathare United, ambayo ilitwaa ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka 2008. Soka na shule vililala kitanda kimoja, na hakuna aliyekufa.

Serikali nazo zimeamka, kila moja kwa mwendo wake. Kenya, kwa mtaala wake mpya wa umilisi, imeweka sanaa na sayansi ya michezo kuwa moja ya njia tatu za sekondari ya juu, na kundi la kwanza la Gredi ya 10 ni la Januari 2026. Tanzania imeingiza michezo kwenye mkondo wa amali wa sekondari. Tumetoka mbali: miaka ya mwanzo ya 2000 nchi hii ilisimamisha mashindano ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, kwa hoja kwamba yanawapotezea watoto muda wa masomo, na tukalipa gharama yake uwanjani kwa kizazi kizima. Nina hofu moja tu na mikondo hii mipya. Mwanafunzi akifundishwa vipimo vya uwanja na historia ya netiboli, akafanya mtihani, akapata alama B, tutakuwa tumehamishia uwanja darasani. Kijana anayetaka kuishi kwa michezo anahitaji hesabu ya asilimia, kusoma mkataba kipengele kwa kipengele, Kiingereza cha kumwelewa daktari wa klabu, na kodi. Kodi kabla ya vyote.

Kwa aliyekwisha kusajiliwa, njia pia zipo, nazo hazihitaji Bunge. Mchezaji wa timu ya vijana hufanya mazoezi saa mbili au tatu kwa siku. Zinazobaki hugawanywa kati ya usingizi na simu. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo. Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, humfungulia aliyekosa sekondari mlango wa kufanya mtihani wa kidato cha nne. Vyuo vya ufundi vya VETA vina kozi fupi, Chuo Kikuu Huria kimejengwa kwa watu wasioweza kukaa darasani, na Malya, wilayani Kwimba, kuna chuo cha serikali cha michezo kinachofundisha ukocha na uongozi wa michezo. Kinachokosekana ni mtu mmoja pale klabuni, mwenye meza na mshahara, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kijana wa miaka 17 ameandikishwa na anahudhuria. Klabu zetu kubwa zina msemaji, zina mpiga picha, zina mtu wa kuendesha kurasa za mitandao usiku na mchana. Ofisa elimu angegharimu chini ya posho ya usajili mmoja ulioshindikana, na sisi wapenzi wa soka tunajua ni mingapi hushindikana kila dirisha.

Mpaka huyo ofisa apatikane, kazi inabaki kwa mzazi, na dirisha la usajili huwa halimsubiri. Mgeni akiketi sebuleni na bahasha, aulizwe kwanza leseni. FIFA huweka mtandaoni orodha ya mawakala waliofaulu mtihani wake, na World Athletics huweka ya mameneja wa riadha. Kwa kanuni za FIFA wakala hana ruhusa hata ya kumsogelea mtoto bila ridhaa ya maandishi ya mlezi, na mkataba wa kumwakilisha mchezaji hauzidi miaka miwili. Aliye chini ya miaka 18 hafungwi na mkataba wa kucheza unaozidi miaka mitatu, hata kama karatasi imeandikwa mitano. Kumpeleka nje ya nchi kabla ya umri huo kumekatazwa isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, na hata kijana wa miaka 16 anayehamishwa ndani ya Umoja wa Ulaya, klabu inayompokea inabanwa kumhakikishia masomo au ufundi utakaompa kazi nyingine soka likikoma. Basi aulizwe shule hiyo inaitwaje, na nani analipa. Aulizwe mtoto akiumia nani anatibu, na mshahara unaendelea kwa miezi mingapi. Mwisho aombwe nakala, yenye saini zote, ibaki kwenye kabati la nyumbani. Akisema nakala hukaa ofisini kwake, mrudishie kalamu yake.